Gari Dogo la Fowili kwa Matumizi ya Kila Siku: Mwongozo Kamili wa Kulichagua

Njia ya kwetu Madale ina kilima kifupi, hakizidi mita sitini. Kiangazi watoto wanakipanda kwa baiskeli. Masika yakishika, kilima hicho ndicho kinachoamua nani anafika na gari mlangoni na nani analiacha chini kwa muuza chipsi na kupanda kwa miguu, viatu mkononi.

Gari langu la kwanza la fowili, yaani 4WD, linalosukumwa na magurudumu yote manne, nililinunua kwa ajili ya kilima hicho. Lilikuwa juu, lina nembo ya 4WD mlango wa nyuma, na aliyeniuzia aliniapia kwamba halijawahi kukwama. Mvua ya kwanza tu likakwama. Siku fundi alipolala chini yake aliniita nichungulie: propela shafti, lile bomba refu la chuma linalopeleka nguvu nyuma, haikuwepo. Iliharibika zamani, mtu akaifungua, akaitupa, gari likaendelea kutembea kwa magurudumu ya mbele peke yake. Nilikuwa nimeliendesha miezi mitano bila kujua.

Tangu hapo ndugu na majirani wakitaka gari la namna hii hunichukua nikaangalie nao. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio uleule. Magari ninayoyazungumzia ni yale madogo na ya wastani yaliyojaa kwenye yadi zetu: Toyota RAV4 na Rush, Subaru Forester, Nissan X-Trail, Honda CR-V, Suzuki Escudo na Jimny, Mazda CX-5. Prado na Land Cruiser ni habari nyingine, na bei yake ni nyingine.

Hatua ya 1: Pima barabara kabla ya kutazama gari

Watu wengi huanza kwa kuuliza gari gani zuri. Mimi huanza na mita ishirini mbaya kuliko zote katika njia yako ya kila siku. Nenda pale kwa miguu, ikiwezekana siku moja baada ya mvua, ujiulize ni kitu gani hasa kinachokusumbua.

Kama ni mashimo na mawe, shida yako si fowili. Unahitaji gari lenye tumbo la juu na tairi imara, na gari linalovutwa na magurudumu mawili litakutosha. Shemeji yangu alitaka kuuza kiwanja chake kingine ili anunue fowili. Tulipotembea njia yake tukakuta jiwe moja katikati ya barabara na mtaro usio na daraja. Alinunua gari la mbele-mbili lililo juu, akachangishana na majirani kuweka kalavati. Hajakwama hata siku moja.

Kama ni udongo mwekundu unaoteleza kwenye mlima, wa Goba, Kibosho au Lushoto, hapo fowili inalipa hasa, maana gurudumu moja likikosa mshiko mengine yanasukuma. Fowili nyepesi yenye tairi za kashata nzuri, yale meno ya tairi yanayoshika udongo, inatosha. Huhitaji gari zito.

Kama ni mchanga mzito wa pwani, mambo yanabadilika. Gari linavuta kwa nguvu kwa muda mrefu bila kupumzika, na kama utakavyoona hatua ya pili, si kila fowili inavumilia hilo.

Na kama ni udongo mweusi, wa mbuga za Shinyanga na Simiyu au wa Kitengela na Ruai kule Kenya, nakuomba usidanganywe na mtu. Udongo ule ukilowa unajaza kashata zote mpaka tairi linakuwa duara laini. Fowili itakusaidia kiasi, lakini tairi zenye kashata pana na tumbo la juu ndivyo vinavyokutoa. Siku ambayo hata trekta linazunguka pembeni, acha gari nyumbani.

Kisha kata kijiti cha sentimita 20, ukisimamishe ndani ya korongo linalopita tairi, ukitazame na tuta la katikati. Kama tuta linafika ncha ya kijiti, magari yenye tumbo la sentimita 18 au 19 yatakwangua, na tumbo likishakaa juu ya tuta magurudumu yote manne yanazunguka hewani. Forester ya 2012 hadi 2018 iko takriban sentimita 22 kutoka chini, CX-5 ya kwanza 21, Rush 20, RAV4 ya kizazi cha tatu 19, na CR-V ya 2006 hadi 2011 ni kama 18.5. Tofauti ya vidole viwili inaonekana ndogo kwenye karatasi. Ukiwa na abiria watano na gunia la mchele nyuma, vidole hivyo viwili ndivyo vinavyobaki.

Mwisho, hesabu siku. Njia yako ni mbaya siku ngapi kwa mwaka? Kama ni siku 5, jirani mwenye eneo la kuegesha ni suluhisho la bei nafuu zaidi. Kama ni siku 60, endelea kusoma.

Jambo moja hulisisitiza kwa kila mtu: fowili inakusaidia kuondoka na kupanda. Haikusaidii kusimama. Kwenye mteremko wa tope gari la fowili linateleza kwenda mtaroni sawasawa na lile lingine, na mara nyingi kwa mwendo mkubwa zaidi kwa sababu dereva alijiamini.

Hatua ya 2: Jua fowili yenyewe inafanyaje kazi

Neno ni moja, vyombo ni vinne tofauti. Hapa ndipo watu wanaponunua kitu wasichokijua.

Aina ya kwanza ni ile inayovutwa na magurudumu ya mbele, halafu ya nyuma yanaitwa pale tu ya mbele yanapoteleza. RAV4 ya 2005 na kuendelea, X-Trail, CR-V na CX-5 ziko hapa. Kati ya propela shafti na difu ya nyuma (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu) kuna klachi ndogo inayobana na kuachia. Ni mfumo mwepesi, haumalizi mafuta sana, na kwa kilima chenye utelezi unatosha kabisa. Udhaifu wake ni joto: ukiing'ang'aniza kwenye mchanga dakika nyingi, klachi ile inachemka na gari linajizimia msaada wa nyuma mpaka ipoe. RAV4 ya kizazi cha tatu ina kitufe cha LOCK kinachoibana klachi hiyo, lakini kinajiachia ukivuka mwendo wa kilomita 40 kwa saa. X-Trail ina kirungu chenye nafasi tatu: 2WD, AUTO na LOCK. Bonyeza LOCK kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kuzama.

Aina ya pili ni ya Subaru, ambapo nguvu inakwenda magurudumu yote wakati wote, lami na tope. Huhitaji kubonyeza chochote. Kwenye mvua katika barabara kuu gari linakaa chini kwa utulivu ambao ukiuzoea ni vigumu kuuacha. Bei ya utulivu huo nitaieleza kwenye tairi.

Aina ya tatu nayo inasukuma magurudumu manne wakati wote, ila katikati kuna difu unayoweza kuifunga kwa kitufe. Rush za Kijapani zenye fowili zina mfumo huu. Escudo iliyotoka 2005 inao pia, na inaongeza gia za chini: kirungu chake kinasoma 4H (fowili kwa gia za kawaida), 4H LOCK, 4L LOCK na N. Hiyo 4L ndiyo inayolifanya gari litambae juu ya mawe bila kuunguza kitu, na linaposhuka mlima mkali injini inalishika huna haja ya kukanyaga breki muda wote. Kati ya magari ya familia ya ukubwa huu, ni machache mno yenye gia hizo.

Aina ya nne ni ya Jimny: kwa kawaida inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na wewe mwenyewe unaingiza fowili ukiihitaji. Haina difu ya katikati, kwa hiyo usiiendeshe ikiwa 4H kwenye lami kavu. Kila kona magurudumu ya mbele na ya nyuma hutembea umbali tofauti, na tofauti hiyo isipopata pa kutokea inavunja vyuma.

Hatua ya 3: Linganisha barabara yako na gari

Kama maisha yako ni asilimia tisini lami na foleni, na kilima kimoja chenye utelezi mwishoni, chagua kati ya RAV4, X-Trail, CR-V na Forester. Kati ya hizo nne, kwa kilima peke yake, ningechukua Forester, kwa tumbo lake la juu na kwa kuwa haihitaji dereva akumbuke kitu. Lakini nisingempa mtu asiye na fundi anayeijua. Injini yake imelala ubavu, plagi ziko pembeni karibu na chasisi, na fundi wa kubahatisha huichukia na kuiharibu. Forester za zamani zenye injini ya EJ zina taimingi beliti inayobadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, injini imekwisha. Kuanzia mwisho wa 2010 zikaja injini za FB zenye cheni, nafuu kubwa, ingawa za miaka ya mwanzo zilijulikana kwa kula oili.

RAV4 ya 2005 na kuendelea ni rahisi kuuza tena, na spea zake ziko kila kona kuanzia Ilala hadi Kirumba. Lakini ile ya injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, ina historia ya kula oili inapozeeka, na nati za silinda hedi zake zinajulikana kwa kung'oa nyuzi kwenye bloku, gari likaanza kuchemsha. Hiyo si sababu ya kuikataa. Ni sababu ya kuipima vizuri kabla ya kulipa.

X-Trail ya 2007 hadi 2013, ile wanayoiita T31, ni pana, ina buti kubwa na viti vinavyofutika tope kwa kitambaa. Nyingi zina gia boksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za kupanda mojamoja. Boksi hiyo inaharibika haraka mtu akiiwekea oili ya kawaida ya gia boksi otomatiki. T31 inataka oili ya NS-2, iliyoifuata inataka NS-3. Pia ikibebeshwa mzigo na kupandishwa mlima mrefu wa joto, kama Kitonga, inajilinda kwa kupunguza nguvu. Ukikutana na hali hiyo simama, iache ipumue.

CR-V ni laini na ya starehe, kwangu ndiyo bora kati ya hizi kwa mzazi mwenye watoto wadogo anayekaa mjini. Fowili yake ndiyo nyepesi kuliko zote nne, inachelewa kuitika. Usiipeleke kwenye mchanga.

Sasa kama barabara yako ni ya milimani kweli, ya mawe na makorongo, na unaipita kila siku, nenda Escudo au Rush. Rush ni nyembamba na fupi, kama mita 4 hivi, inapita vichochoro ambavyo Forester inakwama. Injini ya lita 1.5 inatosha mjini na vijijini. Kwenye barabara kuu ukiwa na watu watano, kulipita lori kunahitaji subira na nafasi ndefu, na ekseli yake ya nyuma iliyo kipande kimoja inarukaruka kwenye matuta. Escudo ina nguvu zaidi na ni imara zaidi kuliko gari lolote katika orodha hii ukiacha Jimny, lakini inakunywa mafuta. Mwenye shamba Tukuyu atanielewa. Mwenye ofisi Posta atalalamika kila mwisho wa mwezi.

Jimny ninaipenda sana na nawakataza watu wengi kuinunua. Hakuna gari dogo linalopita inapopita. Ila ukiwa na watu wanne buti yake haibebi hata mfuko wa shule, na kwenye upepo wa barabara kuu linayumba. Ni gari la mtu mmoja au wawili wenye kazi porini.

CX-5 inaendeka vizuri kuliko zote kwenye lami. Angalia tu usichukue ya dizeli kama safari zako ni za kilomita sita za foleni. Bomba lake la moshi lina chujio la masizi ambalo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Likikosa joto hilo linaziba, na oili ya injini inachanganyika na dizeli. Kwa mtu wa Dodoma na Dar kila wiki, dizeli hiyo ni raha tupu. Kwa mtu wa Sinza na Kariakoo, chukua ya petroli.

Hatua ya 4: Soma namba ya modeli, usisome nembo

Nembo ya 4WD inauzwa dukani. Namba iliyogongwa kwenye bati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango haidanganyi, na ndiyo hatua ambayo ingeniokoa mara nyingi. Magari mengi ya Kijapani yalitengenezwa kwa namna mbili, ya fowili na isiyo ya fowili, yakifanana kwa kila kitu kwa nje.

RAV4 ya lita 2.4: ACA31W ni fowili, ACA36W si fowili. Vanguard, ndugu yake mrefu: ACA33W ni fowili, ACA38W siyo. Harrier ya 2.4: ACU35W ni fowili, ACU30W siyo. Kwa X-Trail tafuta herufi N mbele ya T: NT30, NT31 na NT32 ni fowili, T30, T31 na T32 pekee ni magurudumu ya mbele. CR-V: RD5 na RE4 ni fowili, RD4 na RE3 siyo. Rush: J210E ni fowili, J200E inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. CX-5 ina herufi ya nne: KEEAW na KE2AW ni fowili, KEEFW na KE2FW siyo. Forester za SH5 na SJ5 zote ni fowili.

Dalali akikuambia "zote sawa tu bosi," mwombe afungue boneti.

Hatua ya 5: Kama unaagiza Japani, ogopa theluji

Hili silisikii likisemwa, nami naliona ni kubwa. Mjapani wa Tokyo hana sababu kubwa ya kununua fowili. Anayeinunua sana ni wa Hokkaido na wa Tohoku, kaskazini, kwenye theluji ya miezi kadhaa kila mwaka. Na barabara za huko humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inakula vyuma vya chini. Kwa hiyo unapotafuta fowili, unatafuta katika kundi lenye kutu kuliko magari mengine yote ya mnada.

Omba karatasi ya mnada yenyewe, si picha za kupendeza tu. Alama ya 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 lina mikwaruzo ya kawaida, na R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyezo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Zinazonihusu mimi zaidi kwa fowili ni S, yaani kutu, na C, kutu iliyokwisha kula chuma. Kisha omba picha za chini: mikono ya suspensheni, difu ya nyuma, mabomba ya breki. Rangi ya chungwa juu juu inasuguliwa. Chuma kinachobanduka magamba kiache hukohuko.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya ushuru kabla ya kupenda

Kwa Tanzania, mambo mawili yanaamua kodi yako kuliko chapa ya gari: ukubwa wa injini na umri. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000 ni asilimia 5, na ikivuka cc 2000 unapanda hadi 10. Halafu gari la kutembelea lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na likivuka miaka 10 linaongezewa 30. Chini ya hapo kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na VAT asilimia 18, kila kimoja kikikaa juu ya mwenzake.

Chukua gari la lita 2.0 ambalo thamani yake ya forodha pamoja na usafiri ni 100. Likiwa na miaka 7, kodi hizo zinafika karibu 55. Likiwa na miaka 12, zinafika karibu 99. Yaani gari kuukuu linalipiwa kodi karibu sawa na thamani yake. Na thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako. TRA wana kikokotoo chao mtandaoni chenye thamani zao. Ingiza modeli, mwaka na injini humo, kabla hujamtumia mtu fedha, kisha ongeza tozo ndogo, bandari na wakala wa forodha.

Kenya sheria ni fupi: gari lililotumika haliingii likiwa na zaidi ya miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Forester za zamani na Escudo mtazipata za ndani tu, na hapo hatua inayofuata ndiyo muhimu zaidi kwenu.

Hatua ya 7: Ukaguzi wa gari lililotumika hapa nyumbani

Fika asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Injini iliyopashwa inaficha moshi wa kwanza na mlio wa cheni. Chomoa dipstiki kabla ya kuwasha uone oili iko wapi. Liwashe huku mwenzako akitazama sailensa: moshi wa bluu ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili, ukiona uji wa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, funga kifuniko uage kwa heshima.

Kisha nenda kwenye tairi, hata kabla ya injini kupata moto. Kwa gari la kawaida tairi ni tairi. Kwa fowili, tairi ni ushahidi. Zote nne ziwe ukubwa mmoja, aina moja, na zilizolika sawa. Mbili mpya na mbili kipara maana yake magurudumu yamekuwa yakizunguka kwa mwendo tofauti kila dakika ya safari, na klachi au difu ya katikati imekuwa ikisagika kufidia tofauti hiyo. Kwa Subaru ni hatari zaidi kwa sababu fowili yake haipumziki: Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, karibu milimita 6. Nikikuta Forester ina tairi za chapa nne tofauti, sihitaji kuuliza mwenye gari alilitunzaje.

Sasa lala chini, au lipeleke kwenye shimo la gereji. Tafuta propela shafti kuanzia gia boksi hadi difu ya nyuma. Ipo? Imefungwa pande zote mbili? Shika na itikise, isicheze. Difu ivuje jasho tu, isidondoshe. Tazama ekseli za nyuma na mipira yake. Tazama pia kama tumbo limegongwa.

Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya 4WD au AWD iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa makusudi. Chomeka mashine ya kusoma makosa. Fundi umeme mzuri anayo, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na unachokinunua.

Endesha dakika thelathini, si kuzunguka mtaa. Panda mlima. CVT mbovu hujificha ikiwa baridi na kujionyesha ikipata moto: inachelewa kuitika, inatetemeka ukiondoka taratibu, au inavuma kama nyuki. Kisha tafuta uwanja mpana, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole kushoto, halafu kulia. Gari likijikaza kama limeshikwa breki, au likigonga, mfumo wa fowili hauachii inavyotakiwa. Kwa CR-V mtetemo huo nyuma mara nyingi ni oili ya difu iliyochakaa, na ukiibadilisha kwa ile yake ya Dual Pump unaisha. Kwa Subaru otomatiki huenda ni klachi ya nyuma, na hilo ni suala la bei.

Jaribio la mwisho ni la fowili yenyewe. Tafuta mteremko wa kokoto au mchanga laini, simamisha gari likitazama juu, bonyeza LOCK kama lipo, na mwenzako asimame mbali kidogo pembeni. Ondoka kwa kukanyaga mafuta kiasi. Magurudumu ya nyuma yarushe kokoto pamoja na ya mbele. Ya mbele yakizunguka peke yake huku ya nyuma yamelala, umeshajua.

Karatasi: namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ifanane na ya kadi, herufi kwa herufi. Kenya tafuta taarifa za gari NTSA, mamlaka yao ya usafiri, kabla ya kulipa. Vuta mikanda ya viti mpaka mwisho. Tope kwenye sehemu iliyokuwa imejikunja maana yake gari lilizama.

Hatua ya 8: Fedha za kuishi nalo

Mafuta kwanza. Kama unatembea kilomita 12,000 kwa mwaka, gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita linakunywa lita 1,333, na linalokwenda 12 linakunywa 1,000. Zidisha lita 333 kwa bei ya kituo chako, ndipo uamue kama Escudo unaihitaji au unaitamani. Usimwamini mtu kuhusu kilomita kwa lita. Jaza tangi pomoni, tembea wiki, jaza tena, gawanya.

Tairi: weka akilini kwamba unanunua nne kwa pamoja, siku zote. Moja ikipasuka ikiwa zote zimelika nusu, tafuta iliyotumika yenye kina kilekile badala ya mpya moja. Zungusha mbele kwenda nyuma kila kilomita 10,000. Ukifunga spea tairi dogo, iwe ya kukufikisha kwa fundi tu.

Wiki ya kwanza baada ya kununua, haijalishi muuzaji alisema nini, badilisha oili zote: injini, gia boksi kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu chake, difu ya nyuma, na kisanduku cha kugawa nguvu kama kipo. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazosahaulika. Nimeona magari ya kilomita 150,000 ambayo nati ya difu haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, oili ikitoka nyeusi kama lami. Kisha rudia hizo za difu kila kilomita 40,000, na mapema zaidi kama umevuka maji yaliyofika kwenye ekseli, kwa sababu difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi inavuta maji kupitia bomba lake la kupumulia. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya boneti.

Na mara moja kila mwezi, hata kiangazi, peleka gari kwenye vumbi au kokoto, bonyeza LOCK au ingiza 4H, litembeze dakika mbili kisha litoe. Vyuma visivyotumika miezi minane vinashikana, na siku ya kugundua hivyo ni ile mvua imeshanyesha na wewe uko chini ya kilima.